Niliokoka, kisha mambo yakaharibika zaidi

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nina mke na watoto wawili. Safu yako huwa naisoma kwa ajili ya matatizo ya wengine. Leo zamu imenifikia.

Mwaka juzi kazini walipunguza watu, na mimi nikawamo. Kabla ya hapo sikuwa mtu wa dini. Jina la Kikristo ninalo, lakini kanisani nilionekana kwenye harusi na mazishi tu, na hata ubatizo sijapata. Baada ya miezi ya kuzunguka na bahasha mkononi, usingizi umenikimbia na marafiki hawapokei simu, jirani yetu mmoja alinikaribisha kwenye ibada ya nyumbani. Nilikwenda kwa kuwa sikuwa na pa kwenda. Siku hiyo habari za Yesu ziliniingia kama vile sijawahi kuzisikia. Nililia mbele za watu, nikatubu, nikaokoka. Amani niliyoipata majuma yale siwezi kuisimulia. Kazi sikuwa nayo, lakini nilikuwa nalala.

Kisha mama yangu mzazi akaugua. Tulifunga, tukakesha. Mmoja wa viongozi wa maombi akasema ameonyeshwa kwamba mama ameshapona, tuanze kushukuru. Tukashukuru. Mama akafa. Baada ya mazishi kiongozi yuleyule akaniambia kuna mtu katika familia hakuamini, au kuna dhambi iliyofichwa, nijichunguze. Nimejichunguza mpaka nimechoka. Kila uongo niliowahi kusema tangu utotoni nimeutubu mara mbilimbili.

Sasa wananiambia nipande mbegu, yaani nitoe sadaka ya pesa, ili mlango wa kazi ufunguke, na kama sina, nikope. Mwingine amenishauri niache dawa zangu za presha kama ishara ya imani. Mke wangu, ambaye hajaokoka na ndiye anayeendesha nyumba kwa sasa, aliniuliza usiku mmoja kwa upole kabisa: "Huyo Mungu wako alikuwa wapi?" Sikuwa na jibu.

Siku hizi nikipiga magoti hakuna kinachotoka. Na kuna jambo linanila zaidi ya yote: pengine sikuokoka kweli, nilikuwa natafuta msaada tu. Nisingefukuzwa kazi nisingemfuata Yesu. Je, Mungu hanioni kama mtu wa kujipendekeza? Na ubatizo wetu umekaribia. Niingie majini na moyo huu? Nimtumaini vipi aliyenyamaza wakati ule?

Mwanao niliyekwama

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama.

Pole hiyo naiweka mwanzo makusudi. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja nikitafuta mahali unaposema kwamba unamkumbuka mama yako, sikupaona. Umeniambia ulivyofunga, ulivyoshukuru mapema, ulivyozipekua dhambi zako. Kumlilia hukusema. Nina wasiwasi kwamba walipokukabidhi upelelezi wa kutafuta nani kamkosea Mungu, walikunyang'anya matanga yako. Mtu akifiwa na mzazi hulia, hukaa kimya, hukosa hamu ya kula, na akipiga magoti huenda asipate neno hata moja. Huo ni msiba. Usiuite kurudi nyuma kiroho.

Nianze na hilo linalokula, la kumfuata Yesu kwa sababu ya shida. Ni kweli, ulimfuata kwa sababu ya shida. Sasa fungua Injili unionyeshe waliomfuata kwa sababu nyingine. Yairo alikuja kwa sababu binti yake alikuwa mahututi. Yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 alikuwa amemaliza mali yake yote kwa matabibu, ndipo akajipenyeza kwenye umati kugusa vazi. Mwana mpotevu hakurudi nyumbani kwa kuwa alimkumbuka baba. Soma vizuri Luka 15: alikumbuka kwamba watumishi wa baba yake wanakula na kusaza huku yeye anakufa njaa. Njaa ndiyo iliyomnyanyua. Baba alipomwona angali mbali alipiga mbio kwenda kumlaki, wala hakumuuliza kilichomrudisha ni mapenzi au tumbo.

Sitakuficha kwamba Yesu aliligusa jambo hili waziwazi. Katika Yohana 6, baada ya kuwalisha watu 5,000, aliwaambia waliomfuata ng'ambo ya ziwa kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba. Aliijua nia yao, na hata hivyo hakuwafukuza. Aliendelea kusema nao, akawaeleza habari ya mkate mwingine, mpaka maneno yakawa magumu na wengi wakaondoka. Hapo akawageukia wale kumi na wawili akawauliza kama na wao wanataka kwenda zao. Petro akajibu: "Bwana, twende kwa nani? Wewe unayo maneno ya uzima wa milele."

Nimekawia kwenye jibu hilo kwa sababu linafanana na barua yako. Petro hasemi kwamba ameelewa. Wala hasemi kwamba hotuba ilimfurahisha. Anasema hana kwingine. Mwanangu, mikate uliyoifuata hukuipata: kazi haikurudi na mama hakupona. Kama ungekuwa mfuata mikate ungeshaondoka zamani, na hakuna ambaye angekushangaa. Wewe bado upo, unaniandikia kuuliza namna ya kumtumaini. Sababu iliyokuleta siyo inayokubakiza, na hilo lingetosha kukutuliza.

Nije kwa huyu aliyekuambia kuna dhambi iliyofichwa. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, na wanaosoma wanisamehe au wasinisamehe. Kumwambia mfiwa kwamba amemuua mama yake kwa upungufu wa imani ni ukatili, hata ukisemwa kwa sauti ya kinabii. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akasema si yeye wala wazazi wake. Wale watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, aliuliza kama walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, akajibu mwenyewe: sivyo. Na marafiki wa Ayubu, ambao siku saba za kwanza walifanya vema kwa kukaa chini naye bila kusema neno, waliharibu walipofungua vinywa kumtafutia kosa. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Na Ayubu ndiye aliyekuwa amelalamika sura baada ya sura!

Tena kuna suala la ule unabii. Kumbukumbu la Torati 18 inasema nabii akinena kwa jina la Bwana na neno lile lisitimie, basi Bwana hakulinena. Mzigo unamwelemea aliyesema. Huyo ndugu alitakiwa aje kwako akuombe radhi. Badala yake amekutupia wewe hesabu yake. Kujichunguza ni kwema, lakini kuna kiasi. Ulichotubu kimesamehewa, usikitubu tena.

Sasa lile swali zito, kumtumaini aliyenyamaza.

Kwa nini mama yako hakupona sijui, na akitokea mtu anayekuambia anajua, msikilize kwa tahadhari. Ninachoweza kukuambia ni kwamba ulifundishwa kutumaini matokeo, ukaambiwa huko ndiko kumtumaini Mungu. Matokeo yalipokuja kinyume ukajikuta huna kitu mkononi. Imani ya namna hiyo haidumu, kwa kuwa haina mahali pa kumweka Paulo aliyeomba mara tatu mwiba umtoke mwilini akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Haina mahali pa kumweka Yesu mwenyewe pale Gethsemane, aliyeomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Utathubutu kusema Yesu alipungukiwa imani? Waebrania 11, sura wanayoipenda wahubiri wa ushindi, huwa wanaikatiza katikati. Kwanza watu wanafunga vinywa vya simba na kuepuka makali ya upanga. Endelea mbele kidogo: wengine waliteswa, walipigwa mawe, waliuawa kwa upanga, na wote wanasifiwa kwa imani ileile.

Hata ule mstari wa Yeremia 29:11, wa mawazo ya amani na tumaini la siku za mwisho, unaoandikwa kwenye kalenda na kadi za pongezi, uliandikiwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli. Mstari wa kumi, hapo hapo juu yake, unawaambia watakaa huko miaka 70. Wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha. Wazee kati yao waliosikia barua ile ikisomwa walijua watazikwa ugenini. Ahadi ilikuwa ya kweli, ila haikuwa ya mwezi ujao.

Basi mtu anashika nini? Mimi ningekupeleka Yohana 11, na hapo ndipo tutakutana na swali la mke wako. Lazaro anaumwa, dada zake wanatuma ujumbe, Yesu anakaa siku mbili zaidi mahali alipo. Anafika Lazaro ana siku nne kaburini. Martha anatoka kumlaki na neno lake la kwanza ni hili: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu naye anakuja baadaye, anaanguka miguuni pake, anasema maneno yaleyale. Wawili hao wanauliza alichouliza mke wako usiku ule: ulikuwa wapi? Yesu hakumkemea hata mmoja. Martha akazungumza naye habari za ufufuo. Mariamu hakumwambia neno la mafundisho, alimwona akilia, naye akalia machozi, ingawa alijua kwamba dakika chache baadaye atamfufua Lazaro. Na siku ya Ijumaa ile msalabani, swali hilohilo lilitoka kinywani mwake mwenyewe: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?"

Ukristo haukukupa maelezo ya kwa nini mama alikufa. Umekupa mtu aliyelia kaburini, akauliza swali lako akiwa anakufa, akazikwa, na siku ya tatu kaburi likakutwa wazi. Ukimtumaini huyo, unamtumaini aliyepita unapopita. Kazi itarudi lini, hilo hukuahidiwa tarehe.

Kuhusu maombi yasiyotoka, acha kujilazimisha kutunga. Zaburi ziliandikwa kwa ajili ya vinywa vilivyokauka. Jioni soma Zaburi ya 13 kwa sauti, ni fupi, inaanza kwa kumuuliza Bwana hata lini atamsahau mtu wake. Ukimaliza, nyamaza, ulale. Siku ukiwa na hali mbaya kuliko zote soma ya 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani bila hata mstari mmoja wa shukrani. Waliokusanya Biblia hawakuiondoa, na sidhani walijisahau. Ukimlalamikia Mungu bado unasema naye. Tena huko hauko peke yako kama ulivyodhani: Mama Teresa wa Kolkata, aliyefariki 1997, barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 watu walistuka kuona kwamba kwa miongo mingi alikuwa akiomba bila kuhisi uwepo wa Mungu. Na kila asubuhi alikuwa akiamka kuwahudumia wanaokufa.

Dawa za presha usiache. Presha huweza kupanda mtu asihisi chochote, na madhara yake ni kiharusi, moyo, figo. Kama umeshaacha, nenda kwa daktari wako sasa, usisubiri kumaliza kusoma. Mfalme Hezekia alipoambiwa na Mungu kwamba atapona, nabii Isaya huyohuyo aliyeleta ujumbe aliagiza mkate wa tini ubandikwe kwenye jipu. Luka alikuwa tabibu na Paulo alimwita mpendwa. Na Paulo, ambaye Mungu alimtumia kuponya wengi, anaandika katika 2 Timotheo 4:20 kwamba alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Hakuandika kwamba Trofimo hakuamini. Ukimwona daktari umweleze na habari ya usingizi. Na kama kuna usiku mawazo ya kufa yanakujia, mwambie hilo pia, na umwambie mke wako. Eliya aliomba afe, na kabla ya kumwambia lolote la kiroho malaika alimlisha, akamwacha alale, akamlisha tena.

Mbegu ya mkopo usipande. Naamani alipopona ukoma alimletea nabii Elisha zawadi, Elisha akakataa katakata. Gehazi, mtumishi wake, ndiye aliyemkimbilia nyuma kudai fedha na mavazi, na ukoma ukamshika yeye. Kutoa ni kuzuri, lakini 2 Wakorintho 8:12 inasema mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Wewe leo huna. Pesa anayoitafuta mke wako ni ya chakula cha watoto, na anayekutuma uikope juu yake amekusahau wewe, anaiona sadaka.

Ila usilitupe kanisa zima kwa sababu ya watu wawili watatu. Yule jirani aliyekukaribisha kwenye ibada ndiye ningekaa karibu naye. Mtafute, umwambie yote uliyoniambia mimi, uone atafanya nini. Akikaa na wewe kimya, umempata ndugu. Akianza kukutafutia dhambi, badilisha mazungumzo, utafute mwingine. Wapo wachungaji na wazee wa makanisa waliozika watoto wao na bado wanaimba. Hao wanajua.

Mke wako usimhubirie kwa sasa. Alikuuliza swali la Martha, na kwa upole, katikati ya kubeba nyumba peke yake. Mjibu ukweli: "Sijui alikuwa wapi, na mimi namuuliza." Kisha osha vyombo, wapeleke watoto shule, mpunguzie mzigo. Ameona mume anayekesha kwenye maombi, sasa aone mume anayemsaidia. Na mlilieni mama pamoja. Alikuwa mkwe wake, naye amefiwa, na sidhani kuna aliyemuuliza hali yake.

Limebaki la ubatizo. Unauliza uingie majini na moyo huu. Baba wa yule kijana katika Marko 9 alimwambia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa siku hiyohiyo, hakuambiwa arudi imani ikishakamilika. Mashaka peke yake hayakuzuii. Kinachoweza kukuzuia ni kama unabatizwa ili Mungu akulipe kazi, au ili kuwanyamazisha wanaokusema. Ubatizo haununui kitu. Mtu anaingia kukiri kwamba ni wa Yesu, amekufa pamoja naye na atafufuka pamoja naye, kazi iwepo isiwepo.

Makanisa yanatofautiana katika mafundisho na utaratibu wa ubatizo, kwa hiyo sitakupangia siku. Nenda kwa anayewafundisha, kabla ya darasa lijalo, ukiwa naye peke yako. Mpe barua hii uliyoniandikia, yote, pamoja na mistari ya mbegu na dawa, umuulize kama anakubali kumbatiza mtu mwenye maswali haya. Akikubali akijua, ingia. Akikuambia usubiri mzungumze kwanza, subiri, huyo anakuchunga. Akikuambia maswali yenyewe ni dhambi, niandikie tena.

Mama Mshauri